UZI: Star Trek ilifungua pazia kwa shetani anayekula chumvi na kusema Kiswahili. Namna kisa kilivyopikwa ni kisa kingine

Mvunachumvi (Pemba)

Assalaam alaykum jamaa.

Mimi kazi yangu chumvi. Majaruba yetu yako nyuma ya mikoko, si mbali na Chake, na kiangazi hiki tunalala huko huko bandani, maana mvua moja ya usiku isiyopiga hodi inarudisha baharini jasho la wiki tatu. Bandani kuna godoro, birika, simu, na mpwa wangu ambaye kila akipata bando ananitafutia kitu cha kutazama. Juzi kaniletea tamthilia ya kale ya Kimarekani, Star Trek, sehemu inayoitwa "The Man Trap". "Mjomba tazama hii," ananambia, "mna shetani humu anakula chumvi."

Kwa asiyeiona: chombo cha anga kinafika sayari kame iitwayo M-113. Anaishi huko mchunguzi wa magofu, Profesa Crater, na mkewe Nancy. Daktari wa chombo, McCoy, alimpenda huyo Nancy zamani. Wanaingia ndani wanaume watatu na kila mmoja anamuona Nancy wake. Daktari anamuona msichana yule yule wa zamani, hajazeeka hata siku moja. Nahodha Kirk anamuona mama wa makamo mwenye mvi. Baharia kijana anamuona mwanamke mwengine kabisa, wa kumvutia nje. Muda si mrefu baharia ni maiti, usoni ana alama za mviringo, na vipimo vinasema mwilini hamna chumvi. Nancy wa kweli alishakufa. Huyu ni kiumbe wa mwisho wa jinsi yake, anaishi kwa chumvi, na anavaa sura ya yule ambaye moyo wako unamtaka.

Tukamaliza saa saba ya usiku. Mimi hapo nimezungukwa na mapolo ya chumvi, peke yangu na mtoto wa dada yangu. Msicheke.

Sasa sikufungua uzi kwa sababu ya woga. Nilikwenda kusoma kisa hiki kilivyoandikwa, nikakuta nyuma ya pazia mna mvutano ambao ukishaujua, kila ukiitazama unauona. Mwandishi alileta msiba, wenye kituo wakanunua dubwana, na vyote viwili vimo mle ndani vinagombania sahani moja.

Wazo la mnyonya chumvi halikuanza na mtu ambaye jina lake limeandikwa pale mwanzo. Mwenye tamthilia, Gene Roddenberry, alikuwa na mwandishi aliyewahi kufanya naye kazi, Lee Erwin, na wazo lilikuwa lake. Kwake halikuiva. Likahamia kwa George Clayton Johnson, ambaye alikuwa anatokea The Twilight Zone, tamthilia nyengine ya visa vya ajabu. Huko, Januari 1962, ilirushwa sehemu aliyoiandika yeye, "Nothing in the Dark". Bi kizee amejifungia chumbani miaka, hamfungulii mtu, kwa sababu anaamini Mauti yanatembea na sura ya binadamu. Siku moja askari kijana anapigwa risasi mlangoni pake. Mzuri wa sura, ameigizwa na Robert Redford kabla dunia haijamjua. Bibi huruma inamshinda, anafungua. Ndiye yeye Mauti.

Mnaona? Miaka minne kabla ya M-113, Johnson alishaandika juu ya kitu cha kutisha kinachobisha hodi kwa sura unayoihurumia. Na bibi yule mwishoni haogopi tena, anashikwa mkono kwa upole akaondoka. Mtu kama huyo ukimpa shetani wa chumvi hatakuandikia meno. Atakuandikia upweke.

Kisa chake cha chumvi jina la kwanza lilikuwa "Damsel With a Dulcimer", maneno ya shairi la Coleridge, "Kubla Khan", pale mshairi anaposema aliwahi kumuona kwenye njozi msichana anapiga ala ya nyuzi. Jina la njozi. Roddenberry akalibadilisha likawa la mtego. Mwaka 1967 James Blish alipoigeuza hadithi ya kitabuni akaiita "The Unreal McCoy". Kisa kimoja, majina matatu, na kila jina linakwambia umuogope nani.

Skripti ikapita kwa mhariri wa hadithi, John D. F. Black, na Roddenberry mwenyewe akaishika kalamu, kama alivyofanya kwa nyingi za mwaka ule wa kwanza. Wakapiga picha mwishoni mwa Juni 1966, muongozaji Marc Daniels. Dubwana lilikuwa mchezaji ngoma, Sandra Gimpel, ndani ya vazi la manyoya lililotengenezwa na Wah Chang, yule yule fundi aliyewatengenezea vile visimu vya kufungua kifuniko.

Nitaendelea. Kuna mawingu upande wa Misali siyapendi.

---

Kijana_wa_Michenzani

Mkuu umeandika vizuri lakini swali dogo. Si wampe chumvi tu?? Chombo kizima kile hakina jiko? Watu wanakufa kwa kitu kinachouzwa duka la Mangi.

---

Mvunachumvi

Mawingu yamepita.

Kijana, hilo swali mimi ndiye niliyeliuliza wa kwanza hapa bandani, kwa sauti, hadi mpwa kaniambia nyamaza. Nina mapolo arubaini nyuma yangu, kiumbe mmoja angenimaliza lini?

Lakini rudi dakika za mwanzo. Crater anawaambia waziwazi: sisi hatuhitaji uchunguzi wenu wa afya, tuachieni vidonge vya chumvi mwende zenu. Ombi lipo! Akiba imewaishia. Nahodha anaona jeuri ya mzee. Na hapa ndipo ninapoona mikono miwili juu ya karatasi moja. Ukiisoma kama msiba, yule mzee anaomba chakula cha mgonjwa wake na watu hawamsikii. Ukiisoma kama upelelezi, chumvi ni dalili tu, kipande cha kwanza cha fumbo, kikishafumbuliwa kazi yake imekwisha. Walioikamilisha wameisukuma upande wa upelelezi. Ndio maana hakuna hata mmoja anayesimama kusema leteni gunia.

Tena yule aliyejigeuza McCoy anakaa nao kikaoni, anajitetea mwenyewe akiwa ndani ya sura ya daktari, anawaambia kiumbe huyo ana akili, anahitaji chumvi tu, hana haja ya kuua. Wanamsikiliza wakidhani ni daktari anaona huruma. Kwangu mimi hicho ndicho kipande bora cha sehemu nzima.

---

Mzee_wa_Ngambo

Watoto mnatuletea mambo ya simu. Sisi TVZ, televisheni yetu ya Zanzibar, ilipofunguliwa miaka ya 70 ilikuwa ya rangi tangu siku ya kwanza, bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Nimesema tu ijulikane. Endelea sheikh.

---

Fundi_wa_Dishi (Unguja)

Hahaha mzee hapitwi na uzi wowote na hiyo TVZ yake.

Mvunachumvi, eleza ile ya kupangwa kuwa ya kwanza, maana haikuwa ya kwanza kutengenezwa.

---

Mvunachumvi

Naam. NBC, wale wenye kituo, walikuwa na sehemu kadhaa mkononi na hawajui waanze na ipi. "Where No Man Has Gone Before" ilikuwa ya majaribio, imejaa maelezo. "Mudd's Women" inahusu mtu anayesafirisha wanawake kwenda kuozwa kwa wachimba madini, na wakaona aibu kujitambulisha kwa watu na habari hiyo. "The Corbomite Maneuver" ilipigwa mapema zaidi, lakini picha zake za vyombo vya anga zilichelewa kumalizika, ikarushwa Novemba. Nyengine zinapita ndani ya chombo mwanzo hadi mwisho. "The Man Trap" ina sayari, ina dubwana, mtu akikaa mbele ya TV anaelewa mara moja anatazama nini. Ikapita kwa hilo. Ikarushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, Canada waliiona siku mbili kabla.

Kwa hiyo hadithi iliyoandikwa ili umhurumie kiumbe ilichaguliwa kwa kuwa kiumbe anatisha. Baadhi ya waigizaji wenyewe hawakufurahia chaguo hilo. Ukikaa ukafikiri, watu waliokuja kuipenda Star Trek kwa miaka hamsini na ushei walikaribishwa mlangoni na kitu kinachokufa kwa njaa.

Ila mniruhusu nihame kidogo kwenye chumvi, maana mna kisa cha kichupa nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Ndani ya hadithi kiumbe anamfuata Rand, msichana msaidizi wa nahodha, kwa sababu amebeba sinia lenye kichupa cha chumvi. Mtu wa vifaa, Irving Feinberg, akaambiwa atafute vichupa vya chumvi vya karne zijazo. Akazunguka madukani, akarudi na vya ajabu ajabu, vya kisasa mno. Roddenberry kavitazama, akaona kosa: mtazamaji hatojua hivi ni vya chumvi! Na asipojua, kisa chote kimekufa. Basi wakaweka kichupa cha kawaida, kama cha hoteli yoyote ya Forodhani. Vile vya ajabu havikutupwa. Vikawa vyombo vya matibabu vya McCoy, vile anavyompitishia mgonjwa vikilia. Miaka mitatu daktari anatibu watu kwa vichupa vya chumvi na hakuna aliyejua.

Kwetu chumvi inakaa kwenye kifuu, sijui wangefanyaje.

Na lile ua la Sulu, mshika usukani wa chombo, linalojinyonganyonga mezani? Mkono wa mtu ndani ya glovu.

---

Mwalimu_wa_Skuli (Wete)

Waalaykum salaam. Nasubiri Kiswahili, kichwa cha uzi umekiandika wewe.

---

Mvunachumvi

Nilikuwa nakihifadhi, mwalimu.

Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo, yuko ukumbini peke yake. Anatokea baharia mweusi, mrefu, hajawahi kumuona. Jamaa anamwambia sasa hivi ulikuwa unamfikiria mtu kama mimi. Bila shaka, ametolewa humo humo kichwani mwake! Kisha jamaa anamsemesha Kiswahili, na yeye anajibu Kiswahili. Lafudhi ni ya Los Angeles, nimeirudisha nyuma mara tatu nikiwa nimebandika simu sikioni, lakini ni chetu. Septemba 1966, usiku wa kwanza kabisa.

Nichelle Nichols mwenyewe ndiye sababu. Alikwenda kwenye usaili na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark inaitwa "Uhuru", ya mwaka 1962, habari za Kenya. Roddenberry akalipenda neno, Nichols akashauri lilainishwe mwishoni liwe Uhura. Mwaka uliofuata, kwenye "The Changeling", mashine inamfuta kumbukumbu zote, na anapofundishwa kusoma upya, akikwama kinamtoka Kiswahili. Filamu ya 2009 ndiyo iliyompa jina la kwanza mbele ya watazamaji wote: Nyota.

Kwa upande wa utunzi, angalia kazi ya lugha pale. Kwa daktari mtego ni sura ya mpenzi wa zamani. Kwa Uhura sura haitoshi, kinachomlegeza ni kusemeshwa lugha ya kwao katikati ya nyota ambako hakuna mwengine wa kumsemesha. Aliyeandika hivyo alijua kitu kuhusu watu walio mbali na kwao. Mimi nilikaa Muscat miaka miwili. Ukisikia mtu nyuma yako sokoni anasema "yakhe", unageuka kabla hujafikiri.

---

Mwalimu_wa_Skuli (Wete)

Hilo la Muscat umenigusa, nina ndugu huko.

Lakini nikupinge kidogo. Unamtukuza mwandishi wa mwanzo na kuwafanya wengine waharibifu. Hadithi zetu wenyewe hazina mwandishi mmoja. Kisa cha jini anayejigeuza mke wa mtu, wewe umekisikia kwa bibi yako, mimi kwa wangu, kila mmoja amepunguza na kuongeza. Huenda dubwana walilolisisitiza hao NBC ndilo lililokifikisha kisa kwako bandani. Msiba mtupu ungebaki kabatini.

---

Mvunachumvi

Mwalimu hapo umenibana, na nakubali nusu. Nusu nyengine sikubali, kwa sababu ya mwisho wake.

Mwisho, kiumbe yuko chumbani kwa McCoy na sura ya Nancy, anamuomba amlinde. Spock, msaidizi wa nahodha, anampiga ngumi za mikono miwili kumuonesha daktari kwamba mwanamke wa kawaida angeanguka. Haanguki. Anamshika Kirk, McCoy anafyatua. Anapokufa anarudi tena kuwa Nancy, anaomba, na daktari inabidi afyatue mara ya pili kwenye sura anayoipenda. Hapo dubwana limekwisha, NBC wamepata chao. Lakini baadae, kwenye daraja la uongozi, Kirk amekaa kimya, Spock anamuuliza ana nini, anajibu alikuwa anawafikiria nyati. Basi. Nyati wale wa Marekani ambao mapema Crater alikuwa akiwataja: mamilioni wakatanda mabondeni, mara hawapo.

Sentensi moja ya msiba imeponea mikono yote ile.

---

Mkae_wa_Kusini (Unguja)

Nimesoma kimya lakini hapo kwenye nyati lazima niandike.

Nyie Pemba hamkuwahi kuwa na chui. Sisi tulikuwa nao, chui wa Unguja, mdogo kuliko wa bara, madoa yake yamesagika. Na huku kwetu watu walisema wako wa namna mbili, wa mwitu na wa kufugwa. Wa kufugwa ana mwenyewe, analishwa, anatumwa. Baada ya Mapinduzi, miaka hiyo hiyo ya katikati ya sitini, ikapita kampeni ya kusaka wachawi na chui wao, ikiongozwa na mganga akiitwa Kitanzi. Wakauawa wengi. Leo ukitaka kumuona nenda jumba la makumbusho, amejazwa majani, macho ya gilasi.

Sasa soma kisa chako tena. Mzee anaishi peke yake kwenye magofu, anafuga kitu kinachoua, anakilisha, anakificha. Wanakuja watu wenye silaha, na mwisho wanakufa wote wawili, mfugaji na mfugwa. Profesa Crater huku kwetu tungemwita mwenye chui. Wakati Wamarekani wanapiga picha hiyo Juni 1966, sisi tulikuwa tunaifanya kweli.

Babu yangu alikuwa mmoja wa waliokwenda na mbwa na nyavu. Hakupenda kuulizwa.

---

Fundi_wa_Dishi (Unguja)

Duh.

---

Kijana_wa_Michenzani

Nilikuja kucheka hapa jamani.

---

Mvunachumvi

Mkae, nimekaa na simu robo saa sijui niandike nini. Ahsante.

Nitasema moja tu la kwetu, si kwa kushindana. Popo wetu wakubwa, wale wa Pemba wasiopatikana pengine popote duniani, mwishoni mwa miaka ya 80 walikuwa wamebaki mamia machache. Watu waliwala. Nimewala na mimi nikiwa mdogo, sifichi. Kisha vijiji vikakubaliana kuwaacha, Kidike wakatenga msitu wao, na leo jioni wakiruka ni maelfu kwa maelfu, mbingu inaingia giza kabla ya magharibi. Kumbe kulikuwa na mwisho mwengine wa kuandika. Crater alikuwa anautafuta kwa vidonge.

Vazi lile la dubwana, kwa faida ya mwalimu, halikufia hapo. Januari 1967, kwenye "The Squire of Gothos", bwana mmoja mwenye nguvu za ajabu ana kasri limejaa vitu vya mapambo, na ukutani kwake amesimama mnyonya chumvi wetu, amekaushwa. Waliokuwa wanabana matumizi walitafuta cha kujaza pembe ya ukuta wakachukua vazi stoo. Lakini mtu akitoka kusoma ujumbe wa Mkae juu ya jumba la makumbusho...

---

Mzee_wa_Ngambo

Yule chui wa makumbusho namjua. Skuli tulipelekwa kumtazama. Mwalimu wetu alimgusa sikio akafuta mkono kwenye kanzu.

---

Mwalimu_wa_Skuli (Wete)

Basi nimerudisha nusu yangu ya hoja. Jumamosi nawaonesha darasa la fasihi, wataandika upya ule mwisho. Nitawaambia waanze pale Crater anapoomba vidonge.

---

Mama_Ngonda (Micheweni)

Samahanini wasomi, mimi nimeingia kwa neno chumvi. Nna papa na taa wa kukausha, nataka mapolo matano, iliyochambuliwa, isiwe na tope. Polo shilingi ngapi mwanangu, na unafikisha mpaka Micheweni?

---

Mvunachumvi

Shikamoo mama. Ipo, nyeupe, imechambuliwa jana. Ya ng'onda nitakupa ya punje nene, ile ya madini joto wapelekee wa jikoni. Bei nakutumia pembeni, kufikisha nafikisha na gari ya Jumatano.

Lakini mama uniwie radhi, nikifika mlangoni nitakusemesha kidogo kwanza kabla sijashusha polo. Nataka kukusikia lafudhi.

---

Mama_Ngonda (Micheweni)

Marahaba. Wewe njoo tu na chumvi, mwanangu. Yote.

---

Kijana_wa_Michenzani

MJOMBA USIENDE